Mita Thelathini na Tatu za Akiba

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo asubuhi, na Bosi naye ameanza leo asubuhi. Ametaka tuandike kila tunachofanya mpaka kazi ya kuhama iishe. Ripoti nitampa. Humu nitaandika yasiyoingia kwenye ripoti.

Hospitali yetu ina vyumba viwili vya seva. Cha zamani kinavuja, na ndimo zinamokaa picha zote za eksirei na skani. Jumapili ya tarehe 6 Aprili zinahamia chumba kipya, karibu na upasuaji. Mashine za kupigia picha zinabaki upande wa zamani, kwa hiyo kila picha itapita kwenye faiba, kebo ya nyuzi za kioo, iliyo darini kati ya pande hizo mbili.

Mimi ndiye wa kuchagua moduli. Ni vidude vya ukubwa wa kidole gumba vinavyochomekwa kwenye swichi ya mtandao: upande huu vinageuza umeme kuwa mwanga, upande ule vinageuza mwanga kuwa umeme. Nikichagua vibaya, daktari atasimama juu ya mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, akisubiri picha isiyofika.

Jumatano, 5 Machi
Nimebaki na aina mbili. Zote zinatumia nyuzi mbili mbili, kama vichwa vya kebo yetu vilivyo, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni kasi na umbali.

Faiba yetu ni ile yenye njia pana, mwanga unapita humo kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Ni kama watoto wa shule wanaopigiwa kengele moja. Wote wanatoka pamoja, ila mmoja anakata mkato na mwingine anapitia kwa rafiki yake. Nyumbani kukiwa karibu, haidhuru. Kukiwa mbali, waliochelewa wa kengele ya kwanza wanachanganyika na waliowahi wa kengele ya pili, na hapo hakuna mama anayejua nani ni nani. Kadiri kengele zinavyopigwa haraka zaidi, ndivyo inavyobidi nyumbani kuwe karibu zaidi.

Kwa hiyo: moduli za kasi mia, kwenye kioo chetu, mwisho mita sabini. Moduli za kasi arobaini, mwisho mita mia. Mchoro wa kebo unasema mita sitini na mbili. Ukiongeza kebo fupi za mita moja moja kila upande, sitini na nne. Zinabaki mita sita za kupumulia.

Mchoro una miaka kumi na miwili. Kwenye kisanduku cha "Amepima" fundi ameandika, kwa herufi za kujiamini: Mimi mwenyewe. Fundi huyo ni baba mkwe wangu. Tunaishi nyumbani kwake.

Ijumaa, 7 Machi
Jana mezani nilijikaza.

"Baba, samahani. Ile kebo ya hospitali, kutoka chumba hadi chumba, ni mita ngapi?"

"Mchoro hukuusoma, Mama Pacha?"

"Nimeusoma, Baba."

"Umeandikwa ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Basi." Akarudi kwenye sahani yake.

Chuo cha ufundi wana kipimo cha mwanga. Unakichomeka upande mmoja wa faiba, kinakupa urefu wake kwa nusu dakika. Ningeweza kukiazima. Lakini kupima baada ya baba mkwe ni sawa na kuonja mboga ya mama mkwe huku umeshika kopo la chumvi. Hakuna atakayekupiga. Utajulishwa tu kwa namna utakavyopitishiwa chai.

Leo saa nane mchana nimetia sahihi: moduli za kasi mia.

Jioni alikuja mgeni. Baba akanitambulisha: "Huyu ni mke wa mwanangu." Miaka tisa sasa, na ninapika ugali wa mtu huyu tangu siku ya kwanza. Nikaenda kuanua nguo. Kamba ya kuanikia aliifunga yeye, na iliyobaki hakuikata. Ameiviringisha na kuitundika kwenye nguzo, usawa kabisa wa paji langu la uso. Kila mvua ikinyesha inanidondoshea maji shingoni. Nilimuuliza Mama, mkewe, kwa nini haikatwi. "Muulize mwenyewe," akasema, akicheka. Sikumuuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Hakuna jipya.

Jumatano, 19 Machi
Moduli zimefika. Afisa ununuzi, ambaye ofisi nzima inamwita Muhuri, alipiga muhuri boksi, risiti, na kidogo aupige mkono wangu. Nimezijaribu mezani kwa kebo ya mita tatu. Hakuna kosa hata moja. Nilitembea kwenye korido kama mwenye hospitali.

Jumatatu, 24 Machi
Leo nimezichomeka kwenye kebo ya darini, kwenye jozi ya nyuzi isiyotumika. Taa ikawaka kijani. Baada ya saa moja nikatazama hesabu ya makosa, yaani vipande vya data vilivyofika vimeharibika: 212.

Inatakiwa kuwa sifuri.

Jumanne, 25 Machi
Nimesafisha vichwa vyote mara mbili. Mvua kubwa. Makosa kwa saa: 1,904.

Jumatano, 26 Machi
Nimebadilisha jozi. Nimebadilisha moduli. Nimebadilisha hadi kiti. Nimemlaumu fundi wa umeme kwamba nyaya zake zimepita karibu mno, akaniambia mwanga hausumbuliwi na umeme, na kwamba hilo ninalijua. Ninalijua. Basi nikalaumu mvua, kwamba unyevu umeingia. Makosa: 1,880.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua imekatika. Makosa hayakukatika.

Ijumaa, 28 Machi
Nimekiazima kipimo cha chuo. Nyumbani sikumwambia mtu.

Kikasoma mita tisini na tano.

Nikakichomoa, nikakipangusa, nikarudia. Tisini na tano. Nikatembea hadi chumba cha pili nikapima kwa upande ule. Tisini na tano. Nikakaa sakafuni kati ya makabati, feni zikinipulizia mgongoni, nikafanya hesabu ya darasa la pili. Tisini na tano toa sitini na mbili. Mita thelathini na tatu ambazo hazimo kwenye mchoro wowote.

Sikufikiria kwanza kazi yangu, wala wagonjwa. Nilifikiria kwamba Baba ni mwongo. Nilimwona akizungusha kebo kwenye njia rahisi, kisha akiandika namba nzuri. Na ile "Mimi mwenyewe" ikaniudhi.

Jumamosi, 29 Machi
Nimesema. Afadhali ningemeza kipimo chenyewe.

Tulikuwa kwenye chai ya asubuhi, mume wangu, Mama, na yeye. Pacha wangu walikuwa uani.

"Baba, nimeipima ile kebo."

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Umepima."

"Ndiyo, Baba."

"Baada yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Na?"

"Tisini na tano."

Akainuka, akachukua mwavuli, akatoka kwenye mvua. Hata hakuufungua, aliushika tu.

Mume wangu akanigeukia. "Ungenishirikisha kwanza."

"Ungeniambia nini?"

"Usiseme."

"Basi ndiyo maana sikukushirikisha."

Mama akakusanya vikombe, akanipita bila kunitazama.

Jumapili, 30 Machi
Baba amekula chumbani kwake. Pacha wameuliza kama Babu anaumwa.

Jumatatu, 31 Machi
Siku ndefu. Nilikwenda kwa Bosi nikamwambia: kebo ni ndefu kuliko mchoro, moduli nilizochagua hazifiki, turudi kwenye zile za kasi arobaini zinazoweza mita tisini na saba, kebo fupi zikiwamo.

"Zitakuja lini?"

Muhuri, aliyekuwa ameitwa, akasema muuzaji hana, zitatoka nje. Wiki saba.

"Wiki saba hatuna," Bosi akasema, na hilo ni kweli. Chumba cha zamani diski ya tatu imekufa leo asubuhi, na maji yanatiririka ukutani. Zikifa mbili zaidi, picha za wagonjwa wa miaka yote zimekwenda. Tarehe 6 haisogei.

Kisha akanisukumia fomu. "Andika kwamba mchoro ulikuwa na makosa. Aliyeuchora ameshastaafu, haitamdhuru."

Nilibeba ile fomu hadi kwa Muhuri kwa sababu yeye ndiye anayetunza nakala. Nilidhani ataipokea kama anavyopokea kila kitu, bila kusoma. Siku zote nimeamini mtu huyu ni muhuri uliovaa shati. Akaisoma, akaona kisanduku bado kitupu.

"Utaandika mchoro ulikosea?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Unajua ulikosea wapi?"

"Sijui."

"Basi usiandike usilolijua. Mimi nikishapiga muhuri, karatasi haisahau." Akanirudishia fomu. "Wewe mwenyewe unajua nini kwa hakika?"

Kwa hakika nilijua jambo moja tu. Chuo kiko dakika ishirini kutoka hapa, kipimo kinaazimwa bure, nami sikwenda kwa sababu niliona haya. Nikaandika: Sikupima kabla ya kuagiza. Kosa ni langu. Muhuri akasoma mara mbili, akapiga muhuri wake polepole, kama anayeogopa kuniumiza.

Jumanne, 1 Aprili
Bosi ameisoma fomu. Amesema Jumapili ikiharibika nitafute pa kwenda. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nimejaribu kupitisha picha moja ya skani kwenye moduli mpya. Ilikwama dakika kumi na moja. Makosa: 2,011.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua. Baba bado hali nasi.

Alhamisi, 3 Aprili
Jua lilichomoza saa nzima, nikakimbilia kuanika nguo za Pacha. Nikainama, nikainuka, na lile bunda la kamba likanigonga paji la uso. Nikalishika kwa hasira nilikate. Nilipolifungua nikaanza kulipima kwa mkono bila hata kujua kwa nini. Mita tatu na nusu.

"Mama," nikamwita, "hii kamba aliiacha ya nini?"

"Yule?" Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Ni neno la kwanza aliloniambia tangu Jumamosi. "Yule hakati kitu, mwanangu. Kamba anaacha, bomba anaacha, hata mkanda wa suruali unamzunguka mara mbili. Akiba haiozi, ndiyo sala yake. Nilidhani unamjua."

Nikaziacha nguo kwenye beseni.

Baba alikuwa chumbani akisikiliza redio. Nilipiga hodi, nikaingia, nikapiga goti karibu na mlango.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, uliacha akiba darini?"

Redio ikasoma taarifa nzima ya hali ya hewa kabla hajanijibu.

"Fundi anayekata kebo sawasawa na ukuta," akasema, "ni fundi ambaye hajawahi kuitwa kuitengeneza."

"Uliacha mita ngapi?"

"Iliyobaki kwenye roli ya kebo."

"Hukuiandika."

"Waliniuliza vyumba vimeachana kiasi gani. Sitini na mbili. Nilipima kwa mita na nikarudia kwa hatua." Kisha akashusha sauti. "Wakati ule mashine zenu zilikwenda mwendo wa pole. Mita thelathini hazikumkera mtu. Sikujua zitakuja kukudhuru wewe."

Nilitazama sakafu. Siku sita nilikuwa nikimwita mwongo moyoni, na mtu mwenyewe alikuwa ameficha akiba kama bibi anavyoficha sukari ya wageni.

"Iko wapi, Baba?"

"Juu ya chumba cha kufulia." Akapunguza sauti ya redio. "Wakubwa wako umewaandikia nini?"

"Kwamba sikupima."

"Mimi umenitajaje?"

"Sikukutaja."

Akaizima redio.

"Jumapili mnaanza saa ngapi?"

Jumamosi, 5 Aprili
Bosi amekubali kebo ikatwe, tuondoe akiba, tuiunge. Kesho kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Baba ameitoa mashine yake ya kuungia faiba, ambayo kila mtu alimshauri aiuze. Amekula nasi. Hakusema kitu zaidi ya kuomba chumvi, nikampa kopo zima.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua ilikuwa ikipiga bati hata hatusikilizani. Baba alipanda ngazi mwenyewe, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili na kwa dua. Akatoa kipande cha dari. Ilikuwa hapo, bunda kubwa la kebo lenye vumbi, limefungwa kwa vitambaa kila baada ya shubiri, safi kama nywele zilizosukwa. Miaka kumi na miwili hakuna aliyeligusa.

Tukagombana palepale juu ya mita.

"Niachie kumi," akasema.

"Baba, sabini ndiyo mwisho."

"Nane."

"Mbili."

"Mbili hazifiki mezani, Mama Pacha. Mashine yangu haipandi ngazi. Kebo lazima ishuke hapa chini tuifanyie kazi. Ndiyo maana ya akiba."

Alikuwa na haki. Nikapiga hesabu: sitini na mbili, na nne, na mbili za kebo fupi. Sitini na nane.

"Nne," nikasema. "Hata shubiri moja zaidi hapana."

"Nne," akasema, akiniangalia kama muuzaji aliyepunjwa.

Tulikata saa moja na nusu asubuhi. Nilisikia sauti ya koleo, na kuanzia hapo hospitali ilikuwa pande mbili zisizoonana. Nyuzi kumi na mbili zilikuwa mkononi mwangu, nyembamba kama unywele. Nikauchukua wa kwanza.

"Zinazofanya kazi sasa ni zipi?" Baba akauliza.

"Wa kumi na moja na wa kumi na mbili."

"Anza na hizo."

"Tutachanganya mpangilio, Baba."

"Mgonjwa hajui kuhesabu kuanzia moja."

Akanyoosha mkono avue ganda la uzi, nikaona mkono wake unatetemeka. Naye aliona kuwa nimeona. Akaniwekea koleo kiganjani, akasogea upande wa kioo cha mashine. Basi ikawa hivyo. Mimi navua, nasafisha, nakata. Yeye analaza ncha mbili, anatazama, anabonyeza. Wa kumi na moja ukaungana vizuri.

Saa mbili na dakika ishirini simu ikalia. Sista wa upasuaji.

"Tuna majeruhi wa ajali. Skani imepigwa upande wa zamani. Daktari anataka picha. Mtafungua saa ngapi?"

"Sista, tumekata. Nipe dakika tano."

"Hana nyingi zaidi ya hizo."

Nikavua wa kumi na mbili. Ukavunjika. Nikavua tena, ukavunjika tena, na kila ukivunjika unakula kidogo katika zile mita nne nilizozigombania. Jasho likaniingia machoni. Nilitaka kulia na nilitaka kumtukana mtu.

"Pumua," Baba akasema. "Usiuvute. Uache utoke wenyewe."

Ukatoka. Akaulaza. Mashine ikatoa mlio wake. Nikakimbia korido nzima hadi chumba cha seva, na moduli za zamani, zile za mwendo wa pole zinazotumika hadi leo, zilikuwa zimeshawasha taa. Simu ikalia kabla sijaipiga.

"Imefika," Sista akasema, akakata.

Nyuzi kumi zilizobaki tuliziunga hadi saa tano na robo. Baba akafunga kisanduku, akaviringisha zile mita nne, akazifunga kwa vitambaa vilevile vya zamani. Nikachomeka kipimo. Mita sitini na sita. Nikachomeka moduli za kasi mia. Taa ya kijani. Tukakaa kwenye ndoo mbili zilizofudikizwa, tukasubiri saa nzima, tukisikiliza mvua.

Makosa: 0.

Nikasubiri nusu saa nyingine kwa sababu sikuamini. Sifuri.

Nikapiga simu, uhamisho ukaanza. Bosi akasema, "Vizuri," kisha akaulizia ripoti.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua bado. Makosa wiki nzima: sifuri. Picha zote zimehama na chumba cha zamani kimeachiwa maji.

Baba amechora mchoro mpya kwa mkono wake. Mita sitini na sita; akiba mita nne, juu ya chumba cha kufulia. Nilimshukuru, nikaupeleka kwa Muhuri bila kuutazama hadi chini.

Mchana Muhuri akaja mezani kwangu ameushika kwa ncha za vidole.

"Siwezi kuupokea. Kisanduku hiki kimejazwa vibaya. Panatakiwa jina la mtu."

Nikatazama. Kwenye "Amepima", kwa herufi zilezile za kujiamini ila zimepindapinda kidogo sasa, aliandika: Binti yangu.

Nikamwambia aupige muhuri hivyohivyo.